Mabasi ya umeme na haki ya zamu

Ndugu msomaji, naomba nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023, msikiti mmoja huku kwetu Mbagala ulikuwa ukiwasha jenereta kuanzia baada ya swala ya Alasiri hadi Isha. Lengo lilikuwa kupandisha maji ya kutawadhia na kuendesha vipaza sauti. Baadaye waumini wakaomba wachaji simu zao hapo, na uongozi ukakubali. Mimi nikapewa jukumu la kusimamia. Soketi zilikuwa kumi, simu zilifika arobaini na zaidi. Nikachukua daftari, nikaandika majina kwa kufuata nani aliyetangulia kufika. Nikaona nimefanya uadilifu.

Siku moja akaja mzee anayefanya kazi ya ulinzi katika ghala moja upande wa Kurasini. Alifika wa mwisho, maana mchana huwa amelala, na alitakiwa kuondoka kabla ya Magharibi. Akaniomba nimchajie simu yake walau dakika ishirini. Nikamwambia, "Mzee wangu, utaratibu ni utaratibu. Wako watu wamefika tangu Alasiri." Hakubishana. Akaichukua simu yake ikiwa imezima, akaenda kazini. Simu nyingi zilizokuwa kwenye soketi wakati ule zilikuwa za vijana ambao hawakuwa na safari yoyote. Wangeweza kuchaji baada ya Magharibi bila kupungukiwa na kitu.

Asubuhi yake tulikutana njiani akitoka lindoni. Baada ya salamu akaniambia kwa upole, "Ustadh, jana uliangalia nani kafika kwanza. Hukuuliza nani anaondoka kwanza."

Neno lile halijanitoka mpaka leo. Na limenirudia kwa nguvu zaidi nilipoanza kusoma namna mabasi ya umeme ya mijini yanavyochajiwa, kwa sababu swali la mzee yule ndilo hasa linalowakabili wanaosimamia mabasi hayo. Ni swali la haki, na Waislamu hatuna ruhusa ya kuliachia wengine.

Pengine msomaji atauliza, mabasi ya umeme yako wapi hapa Dar es Salaam? Ni kweli, mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni yalikuwa ya dizeli. Yale yaliyoanza katika njia ya Mbagala mwaka 2025 yaliingia yakitumia gesi asilia. Lakini tazama mambo yanavyokwenda. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, na mwaka huo huo ikafika Dodoma. Bajaji na pikipiki za umeme tunaziona barabarani. Wenzetu wa Nairobi walianza mwaka 2022, kampuni ya BasiGo ilipoingiza mabasi mawili ya majaribio yenye viti 25 kila moja, na baadaye biashara hiyo ikavuka hadi Kigali. Dakar, mji mkuu wa Senegal ambako wengi ni Waislamu wenzetu, ilianzisha mwaka 2024 mwendokasi wenye mabasi marefu 121, yote ya umeme, unaowaunganisha watu wa kitongoji cha Guédiawaye na katikati ya mji. Guédiawaye kwao ni kama Mbagala kwetu. Kule China, mji wa Shenzhen ulikamilisha kuyafanya mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme tangu mwaka 2017. Kwa hiyo jambo hili litatufikia, na ni bora tulizungumze kabla mikataba haijasainiwa kuliko kulalamika baadaye.

Sasa tuelewe tatizo lenyewe. Basi la dizeli linajazwa mafuta kwa dakika chache. Basi la umeme linahitaji saa kadhaa, na muda wenyewe ni usiku likiwa limelala karakana. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Karakana ina mabasi 100, na kila basi linahitaji uniti 200 usiku mmoja ili lifanye kazi ya kesho. Jumla ni uniti 20,000. Katika bei za umeme za TANESCO, mteja mdogo wa nyumbani ni yule asiyevuka uniti 75 kwa mwezi. Maana yake karakana hiyo moja kwa usiku mmoja inatumia umeme ambao zaidi ya nyumba 260 za wateja wadogo zingetumia mwezi mzima.

Ugumu hauishii kwenye wingi wa uniti. Mabasi yote 100 yakirudi na kuchomekwa kwa pamoja, kila moja likivuta kilowati 100, karakana itavuta megawati 10 kwa mpigo. Lakini uniti zile zile 20,000 zikigawanywa kwa saa sita, mzigo unashuka hadi megawati 3 na ushei. Nchi yetu sasa ina Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024 na mitambo yote tisa ikakamilika mwaka 2025. Kwa hiyo umeme wa kuzalisha tunao. Lakini umeme hauruki kutoka Rufiji ukatua kwenye basi. Unapita kwenye nyaya na transfoma za mitaa yetu, na hizo ndizo zinazoelemewa. Mkazi yeyote wa Chamazi, Mbande, Boko au Bunju anajua maana ya taa kufifia saa mbili usiku wakati kila nyumba imewasha.

Hapo ndipo zinapokuja hizi zinazoitwa chaja zenye akili. Chaja ya kawaida ukiichomeka inatoa umeme mpaka betri ijae. Chaja zenye akili zinaunganishwa na kompyuta moja. Kompyuta inajua kila basi limerudi na chaji kiasi gani, linatakiwa kuondoka saa ngapi, njia yake ni ndefu kiasi gani, na transfoma inaweza kubeba mzigo gani kwa wakati huo. Kisha inapanga zamu. Basi hili linachajiwa sasa kwa nguvu, lile polepole, hili lingine linasubiri hadi saa nane usiku. Mzigo ukizidi mtaani, kompyuta inapunguza. Kwa maneno mengine, inafanya ile kazi yangu ya daftari, tena kwa ustadi kuliko mimi, maana inauliza nani anaondoka kwanza.

Kufikia hapa mtu anaweza kusema, basi tatizo limekwisha, mashine imelimaliza. Mimi nasema tatizo ndipo linapoanza.

Tujiulize, umeme usipotosha kwa mabasi yote usiku huo, basi lipi litabaki na betri nusu? Litakuwa la njia ya mjini yenye abiria wengi wa kulipa, au lile la mwisho wa lami linalobeba wauguzi, walinzi, mama ntilie na wanafunzi saa kumi na moja alfajiri? Kompyuta haina jawabu la swali hili mpaka binadamu aitie jawabu. Akiiambia "angalia mapato," itaangalia mapato. Na sisi wakazi wa Dar es Salaam tunajua jinsi hesabu ya mapato matupu inavyofanya kazi. Ni konda anayemwacha mwanafunzi kituoni kwa sababu nauli yake ni ndogo, akachukua mtu mzima anayelipa kamili. Lakini konda yule ana uso. Unaweza kumwambia, "Mwogope Mungu, huyu ni mtoto." Wakati mwingine anaona haya, anamwambia mtoto apande. Programu ya kompyuta utaiambia nini? Nani atajua hata kwamba basi la Mbande halikuja kwa sababu usiku lilinyimwa chaji? Watu watasimama kituoni, watasema basi bovu, wataenda zao.

Hapa pana nukta ya kielimu ambayo ningependa tuizingatie. Neno akili katika lugha yetu linatokana na Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu lina uzito mkubwa. Wanazuoni wanasema akili ndiyo msingi wa taklifu, yaani kuwajibika mbele ya Mwenyezi Mungu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, kwa aliyelala mpaka aamke, na kwa mwendawazimu mpaka arejewe na akili. Mwenye akili anaulizwa. Sasa tumeita chaja hizi kuwa zina akili, lakini je, zitaulizwa Siku ya Kiyama? Hazitaulizwa. Basi ikiwa kuna dhulma itakayofanyika kupitia kwazo, dhulma hiyo ina mwenyewe, naye ni mtu.

Mafaqihi walilijua jambo hili kabla ya kompyuta. Walisema mtu akichimba kisima katikati ya njia ya watu bila haki, kisha mpita njia akatumbukia, aliyechimba anabeba dhamana, hata kama wakati wa ajali alikuwa nyumbani kwake amelala. Hawezi kujitetea kuwa hakumsukuma mtu. Vivyo hivyo, mwenye kuandika kanuni ya zamu na kuiacha ifanye kazi usiku kucha hawezi kusema "mfumo ndio uliopanga." Mfumo ni kisima chake.

Jambo la zamu si dogo katika dini yetu. Katika Suratul Qamar Mwenyezi Mungu anatusimulia habari za Thamud, kaumu ya Nabii Saleh (a.s.). Waliletewa ngamia jike awe mtihani kwao, wakaambiwa maji ni ya kugawana baina yao naye, kila mmoja na zamu yake ya kunywa. Suratush Shu'araa nayo inataja kuwa ngamia ana siku yake ya kunywa nao wana siku yao. Wakashindwa kuvumilia zamu ya mwingine, wakamuua ngamia, na adhabu ikawashukia. Tunaposoma kisa hiki aghalabu tunatazama muujiza wa ngamia. Tutazame pia kwamba mtihani wenyewe ulikuwa ni kugawana kitu kinachotiririka, na kumwachia asiyeweza kujisemea zamu yake.

Mfano wa pili umo katika Bukhari na Muslim. Zubair bin Awwam (r.a.) na mtu mmoja katika Ansari waligombana juu ya mfereji wa maji wa kumwagilia mitende huko Harra, pembeni ya Madina. Shamba la Zubair lilikuwa juu, maji yanaanzia kwake. Mtume (s.a.w.) akamwambia Zubair amwagilie, kisha ampelekee jirani yake. Yule Ansari akakasirika, akadai hukumu ile imetolewa kwa kuwa Zubair ni mtoto wa shangazi yake Mtume. Uso wa Mtume (s.a.w.) ukabadilika, akamwamuru Zubair achukue haki yake kamili mpaka maji yafike kwenye kingo. Na kuhusu mfereji mwingine, Mahzur, Abu Dawud amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliweka kipimo. Wa juu azuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha ayaachie yaende kwa wa chini.

Hadithi hizi zina mafunzo makubwa matatu kwa habari yetu. La kwanza, aliye karibu na chanzo ana haki ya kuanza, lakini hana haki ya kumaliza yote. La pili, haki yake ina kipimo kinachoonekana kwa macho. Vifundo vya miguu kila mtu anavyo, hakuna haja ya mtaalamu wa kuja kuvisoma. La tatu, mahali penye kugawana, tuhuma ya upendeleo haikosekani, hata mbele ya Mtume (s.a.w.) mtu aliithubutisha. Ikiwa ilisemwa mbele yake, yeye aliye maasumu, sisi hatuna budi kuweka kanuni zetu wazi ili watu wasipate pa kutilia shaka.

Isitoshe, iko Hadithi inayofahamisha kuwa Waislamu ni washirika katika vitu vitatu, navyo ni maji, malisho na moto. Wanazuoni wa zama zetu wamekuwa wakiuingiza umeme na nishati nyingine katika maana ya moto. Hatusemi umeme uwe bure. Mwenye kuzalisha na kusafirisha ana gharama na anastahili malipo. Tunasema kuwa kitu ambacho watu wote wanakihitaji hakigawanywi kwa siri.

Nimewahi kujadili suala hili na rafiki yangu mfanyabiashara. Akaniambia, "Ustadh, acha bei ipange. Anayelipa zaidi achaji kwanza." Hoja yake si ya kupuuzwa. Kenya mwaka 2023 waliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi 16 za kwao kwa uniti wakati wa matumizi makubwa, na shilingi 8 nyakati ambazo matumizi ni madogo. Hiyo ni hekima, kwa sababu inamvuta mwenye mabasi achaji wakati jirani amelala na taa amezima. Lakini bei inajua ni saa ngapi tu. Haijui ndani ya basi yumo nani. Njia yenye abiria maskini ikishindana kwa bei na njia yenye abiria wenye uwezo, kila usiku itashindwa. Bei na itumike kuondoa msongamano, lakini isiachiwe peke yake kuamua nani afike kazini.

Rafiki mwingine, mwalimu mwenzangu, alikuwa na hoja nzito zaidi. Alisema aliyetangulia ndiye wa kwanza, basi, kwa sababu ukianza kupima haja za watu utafungua mlango wa uongo na upendeleo. Hapa nakiri kuwa ana ukweli, nami nimeuonja. Baada ya maneno ya yule mzee nilibadilisha utaratibu wangu msikitini, nikawa nauliza nani ana haraka. Hazikupita siku tatu, kila mtu akawa na haraka. Mwingine alisema anasafiri, nikamwona kesho yake barazani. Mwisho tulikaa na uongozi na waumini, tukaandika kanuni ukutani. Kwanza wanaokwenda kazi za usiku, kisha wenye wagonjwa, kisha wengine kwa kufuata walivyofika. Kwa kuwa tunajuana mtaani, uongo ulipungua wenyewe. Sikuwa mwadilifu zaidi kuliko nilivyokuwa mwanzo. Kilichobadilika ni kuwa kanuni haikuwa tena kichwani mwangu. Ilikuwa ukutani, na mtu yeyote aliweza kunionyesha kwa kidole kwamba nimeivunja.

Katika mabasi jambo hili ni rahisi zaidi, maana haja ya basi inajulikana kwa ratiba. Basi haliwezi kusema uongo. Lakini ratiba yenyewe imeandikwa na watu, nao wanaweza kupendelea. Ndiyo maana nasema mambo matatu yadaiwe mapema, kabla hata ya kujenga karakana ya kwanza ya mabasi ya umeme katika mji huu.

Kwanza, kanuni ya zamu iandikwe na itangazwe kwa Kiswahili, vituoni na kwenye ofisi za serikali za mitaa. Isemwe wazi kuwa umeme ukipungua, mabasi ya kwanza ya alfajiri kutoka pembezoni ndiyo yatakayojazwa mwanzo, kwa kuwa wakazi wa huko hawana njia mbadala. Wa Masaki akikosa basi atawasha gari lake. Wa Mbande akikosa basi amekosa siku.

Pili, jirani wa karakana awekewe kipimo mithili ya vile vifundo vya miguu. Karakana iwe na laini na transfoma yake, na iwe na kikomo kinachojulikana cha kuvuta umeme jioni, kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, wakati nyumba zinapika, watoto wanasoma na wagonjwa wanahudumiwa. Haitakuwa uungwana basi ling'ae limejaa chaji huku mtaa unaolizunguka uko gizani.

Tatu, awepo mtu mwenye jina na cheo, aliyepo karakana usiku, mwenye mamlaka ya kuizuia kompyuta na kubadilisha zamu pale panapotokea dharura, na awajibike kwa alichofanya na alichoacha kufanya. Kumbukumbu za kila usiku zihifadhiwe, na wawakilishi wa abiria waruhusiwe kuzikagua. Siyo kwamba tunamtuhumu mtu. Amana inayokaguliwa inamlinda hata mwenye kuibeba.

Najua wako watakaosema, Ustadh rudi kwenye twahara na swala, haya ni ya wahandisi. Wahandisi nawaheshimu, na wanafunzi wangu wengine natamani wawe wahandisi. Lakini mhandisi anajua namna ya kugawa megawati. Nani apewe kwanza zisipotosha si elimu ya uhandisi. Hilo ni suala la haki, na haki tumeamrishwa sote. Mwenyezi Mungu katika Suratur Rahman ametaja mizani pamoja na kuinuliwa kwa mbingu, akatukataza tusipunje. Mizani ya zama zetu huenda ikawa ni kompyuta iliyomo ndani ya chumba cha karakana, lakini amri ya kutopunja ni ile ile.

Yule mzee bado analinda Kurasini. Huondoka jioni, hurudi asubuhi, safari zote mbili kwa basi. Mabasi ya umeme yakija, yeye na mfano wake ndio watakaokuwa wa kwanza kujua kama zamu imepangwa kwa haki, kwa sababu watakuwa wamesimama kituoni kabla jua halijachomoza. Tusisubiri wao ndio waje kutuambia.

Wallahu a'alam.